Ajali Ina Kinga

Hotuba hii ilitolewa Mafinga, mkoani Iringa, Tanzania, mbele ya wenye mashine za mbao, mafundi, vibarua, wakataji wa miti na madereva wa malori. Tunaiweka yote hapa kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika. Picha zilizooneshwa ukutani tumeziacha.

Kamwene! Kamwene tena, nyuma hapo sijawasikia.

Wazee wetu, wenye mashine, mafundi, akina mama mnaobeba mabanzi na kupanga mbao, vijana wa chenso, madereva na matingo: asanteni kwa kuacha kazi siku ya kazi. Tunajua kila saa mnayokaa hapa kuna gogo linalowasubiri.

Tuanze na maneno matatu ambayo kila mtu humu ndani ameyasikia msibani, hospitalini na penye dingdong, yaani mashine zetu ndogo za kupasulia magogo. Maneno yenyewe ni haya: ajali haina kinga. Kijana akikatwa vidole, tunasema ajali haina kinga. Mti ukimwangukia mtu msituni, tunasema ajali haina kinga. Tunamfariji mwenzetu, na kufariji ni jambo jema. Lakini nauliza: tukishamaliza kufariji, nani anarudi kuiangalia mashine? Nani anaangalia kama ule msumeno una kinga? Nazungumzia kinga ya chuma, ndugu zetu Wakinga wa Makete msigeuke. Nendeni penye mashine mtakuta mara nyingi kilichokosa kinga ni msumeno, ni mkanda, ni puli, ni shafti. Ajali tunaisingizia bure.

Kwa hiyo leo tunasema kinyume chake, na tutasema mpaka mtuchoke: ajali ina kinga.

Kwanza tuhesabu. Najua hesabu si tamu, lakini mtu asiyehesabu hajui anaumia wapi.

Tuchukue mfano. Kuna kiwanda cha chai, tuseme kule juu Mufindi, chenye watu 400. Mwaka mzima wameumia watu 12. Ng'ambo ya barabara kuna dingdong ya watu 8, na mwaka huo ameumia mtu mmoja tu. Ukiuliza mtaani wapi ni hatari, watu watakuambia kiwandani, maana kila mwezi mtu anapelekwa zahanati. Mwenye dingdong atakuambia kwake ni salama, ni yule kijana mmoja tu, na yule naye alikuwa mzembe.

Sasa tupige hesabu kama inavyopigwa na watu wa usalama kazini. Unachukua idadi ya walioumia, unazidisha kwa 200,000, kisha unagawa kwa saa zote zilizofanyiwa kazi mwaka huo. Kwa nini 200,000? Ni saa za watu 100 wanaofanya kazi saa 40 kwa wiki kwa wiki 50. Jibu linalokuja ni idadi ya wanaoumia katika kila watu 100 wa kazi ya kutwa. Kiwandani: watu 400, saa 8, siku 6 kwa wiki, wiki 50, jumla saa 960,000. Zidisha 12 kwa 200,000, gawa kwa 960,000, unapata 2.5. Penye dingdong: watu 8, saa 9, siku 6, wiki 50, jumla saa 21,600. Zidisha 1 kwa 200,000, gawa kwa 21,600, unapata 9.3.

Mmesikia? Pale penye majeruhi 12 ni 2.5. Pale penye majeruhi mmoja ni 9.3. Dingdong ina hatari karibu mara nne, na mwenyewe analala usingizi wa amani, kwa sababu kwake jambo hili linatokea mara moja kwa mwaka na mara moja tunaiita bahati mbaya.

Ndiyo maana mashine ndogo zinaumiza watu miaka nenda rudi bila mtu kushtuka. Kila mmoja anaona kidole kimoja. Hakuna anayeviona vidole vyote kwa pamoja. Ukweli mwingine ni kwamba mashine moja ya watu 8 haiwezi kujipima kwa mwaka mmoja, maana mwaka huu itapata sifuri na mwaka kesho 9.3, ukadhani kuna kilichobadilika. Unganeni mashine 20, wekeni daftari moja, hesabuni miaka mitatu. Hapo namba itawaambia ukweli.

Daftari lenyewe halina ufundi. Tarehe na saa. Kazi aliyokuwa anafanya. Mashine gani, sehemu gani ya mashine. Kiungo kilichoumia. Siku ngapi hakuja kazini. Saa za kazi za mwezi huo kwa watu wote. Na mstari mmoja ambao wengi wanauacha: mambo yaliyotaka kumuumiza mtu yakamkosa. Ubao uliruka ukapita sikioni? Andika. Mkanda ulikatika ukapiga ukuta? Andika. Nitaurudia mstari huo baadaye, kwa sababu ndio wenye thamani kuliko yote.

Je, kazi zote zina hatari sawa? Hapana, na tofauti yake ni kubwa ajabu. Marekani wana takwimu za miaka mingi. Mwaka 2022, katika kila wafanyakazi 100,000 wa kazi zote kwa pamoja walikufa kazini 3.7. Kwa wakataji wa miti peke yao walikufa 100.7. Ni mara 27, ndugu zangu, katika nchi yenye mashine za kisasa, kofia ngumu na gari la wagonjwa. Huko pia uvuvi, kuezeka mapaa na kuendesha malori viko karibu na kilele cha orodha. Ukiangalia watu wa Mafinga wanaishi kwa kazi gani, utaona tumekaa kwenye kilele hicho: tunaangusha miti, tunapasua magogo, tunapakia malori, tunashuka mteremko wa Kitonga na mzigo. Mkulima wa viazi kule Uporoto anayepuliza dawa na bomba la mgongoni, mchimbaji mdogo wa Chunya aliye ndani ya shimo la dhahabu, hao nao ni wenzetu katika orodha hiyo hiyo.

Na kuna jingine. Shirika la Kazi Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 2.93 walikufa kwa sababu ya kazi. Waliokufa kwa ajali walikuwa 330,000. Waliobaki, milioni 2.6, waliuawa na maradhi waliyoyapata kazini: vumbi, kemikali, uchovu wa saa nyingi. Kwa hiyo unapomwona fundi mzee wa mashine anakohoa asubuhi, na ukimsalimia hasikii mpaka umguse bega, usiseme ni uzee. Msumeno wa duara ukikata unapiga kelele za desibeli 100 hivi. Kiwango ambacho sikio linavumilia saa 8 ni desibeli 85, na kila zikiongezeka 3, muda unapungua nusu. Kwa desibeli 100, sikio lako linastahimili dakika 15. Wewe unakaa hapo saa 9. Vizibo vya masikio ni vitu vya bei ndogo kuliko bando la wiki.

Sasa tuje kwenye mashine yenyewe. Hapa tutakaa, kwa sababu hapa ndipo mlipo.

Niwasimulie kwanza habari ya reli. Zamani Marekani, mabehewa yaliungwa kwa pete ya chuma na pini. Behewa moja limesimama, jingine linasukumwa kulijia. Mtu anasimama katikati, anaishika ile pete kwa mkono, anailenga kwenye tundu, kisha anadumbukiza pini kabla mabehewa hayajagongana. Akichelewa kidogo, vidole vimekwenda. Akichelewa zaidi, amekwenda yeye. Inasimuliwa kwamba msimamizi akitaka kujua kama mtu anayeomba kazi ni mzoefu, alimwangalia mikono. Vidole pungufu, mzoefu huyo.

Nauliza: hapa kwetu hatusemi hivyo? Hatujawahi kumsikia mtu akisema, "Yule ni fundi hasa, muone mkono wake"?

Kwa miaka mingi wenye reli walisema dawa ni uangalifu. Wakaonya, wakaandika kanuni, wakafukuza watu. Vidole vikaendelea kukatika. Mwaka 1873 mtu mmoja aitwaye Eli Janney alipata hati ya uvumbuzi wa kifaa cha kuunganisha mabehewa kinachojishika chenyewe, kama viganja viwili vinavyokutana. Mtu hana haja ya kusimama katikati. Kifaa kilikuwepo, lakini kilikuwa na gharama, na wenye reli hawakukiharakisha. Mwaka 1893 Bunge la Marekani likapitisha sheria ya kuwalazimisha, na kufikia mwaka 1900 ilikuwa ikisimamiwa kikamilifu. Majeruhi wa kuunganisha mabehewa wakapungua mno. Watu walikuwa wale wale. Hawakupata akili mpya, wala uangalifu mpya. Kilichobadilika ni chuma.

Mwenye mashine, lishike hilo. Kabla hujauliza "kwa nini hakuwa mwangalifu," uliza "kwa nini mkono wake uliweza kufika pale?"

Maana uangalifu una mpaka wake, na mpaka huo tunaweza kuupima. Chukua msumeno wa duara wenye kipenyo cha mita moja unaozunguka mara 900 kwa dakika. Ukingo wake unakwenda mita 47 kwa sekunde. Hiyo ni kilomita 170 kwa saa. Basi la kwenda Dar haliruhusiwi kuzidi 80. Tuseme msumeno huo una meno 40. Kwa sekunde moja yanapita meno 600. Binadamu mwenye afya, aliyelala vizuri, akishtuka anahitaji kama robo sekunde mpaka mkono uanze kurudi. Katika robo sekunde yamepita meno 150. Ndugu zangu, hakuna uangalifu unaoshinda meno 150.

Sasa, ubao kupiga teke. Mnajua ninachosema: ubao au gogo linarudishwa nyuma kwa nguvu, linampiga mtu tumboni au kifuani, au linavuta mkono kuupeleka kwenye meno. Kwa nini inatokea? Meno ya mbele ya msumeno yanakata yakishuka, yanakandamiza ubao kwenye benchi. Meno ya nyuma yanapanda. Msindano, yaani mti wa paina, uliokua kwenye mteremko una mvutano ndani yake. Ukiuchana, njia ya msumeno inajifunga nyuma ya bamba la msumeno. Mbao zikilibana lile bamba, meno yanayopanda yanazidaka na kuzitupa kwako. Mambo matatu yanazidisha: msumeno butu, msumeno ulioungua ukapinda, na meno yaliyopoteza mpanuko wake mpaka njia inakuwa nyembamba kama bamba lenyewe.

Dawa yake ni kipande cha chuma tu. Nyuma ya msumeno, ukiufuata mviringo wake, unafungwa ubapa wa chuma wa kuitenga njia isijifunge. Unene wake uwe mkubwa kidogo kuliko bamba la msumeno, na uwe mdogo kuliko njia ya meno. Usawa wa benchi, usikae mbali na meno zaidi ya milimita 8. Fundi wa kuchomelea aliyezoea kazi anautengeneza ndani ya siku moja. Tunaona ubapa huu umekuja na mashine halafu umetolewa, eti unachelewesha. Unachelewesha nini? Ukiona unagusana na ubao, haukunyooshwa sambamba na msumeno, unyooshe, usiutupe.

Juu ya msumeno ikae kinga ya kushuka karibu na ubao kadiri unene wake unavyoruhusu. Chini ya benchi nako kufunikwe, maana kijana anayefagia unga wa mbao anapeleka mkono huko bila kuona. Na huko chini ndiko vidole vya wageni wa kazi vinakokwenda.

Fimbo ya kusukumia iwe na urefu usiopungua milimita 450, imechongwa mdomo wa kushika ubao, inaning'inia benchini penye mkono wa kulia. Ubao ukiwa mfupi kuliko milimita 300, tumia fimbo mwanzo mpaka mwisho. Ubao mrefu ukibaki milimita 300 za mwisho, acha mkono, shika fimbo. Msitafute jinsi ya kukumbuka. Chora mstari mwekundu benchini, milimita 300 kabla ya msumeno. Mkono haupiti mstari.

Na mpokeaji, yule anayesimama upande wa pili kupokea mbao? Huyu tunamsahau kabisa. Benchi lirefushwe upande wake mpaka mwisho wake uwe milimita 1,200 kutoka kwenye meno, ili hata akijikwaa akaanguka kwa mbele, mkono wake usifike. Mita moja na robo hivi ya mbao. Mbao! Mafinga hatuwezi kusema mbao zimekosekana.

Glavu. Hapa watu wengi wenye nia njema wanakosea. Mbele ya msumeno unaozunguka, glavu usivae. Jino likikamata uzi wa glavu haliukati peke yake, linavuta na mkono uliomo. Glavu ni za kupanga mbao na kubeba mabanzi. Na sisi tunaoishi na ukungu wa Mufindi mwezi wa sita na wa saba, tunajua saa moja asubuhi vidole havina hisia na kila mtu amevaa koti la mitumba lenye mikono mipana, na mtandio shingoni. Dada anayefunga kanga juu ya koti akipita karibu na shafti isiyofunikwa, shafti haihitaji jino; inazungusha nguo na kumvuta. Kwa hiyo mwenye mashine weka moto na chai ya asubuhi, watu wapashe mikono robo saa kabla ya kuwasha. Nguo za kubana. Nywele ndani ya kofia. Na shafti, mkanda na puli vifunikwe kwa wavu wa chuma ambao kidole hakipiti.

Kuhusu ulanzi, pombe ya mianzi, nitasema kwa heshima, maana ni kinywaji cha wazee wetu. Msimu wa mvua ulanzi unapatikana alfajiri, na kuna anayeuita uji. Aliyekunywa asiguse mashine siku hiyo. Apewe kupanga mbao, na apangiwe bila kutukanwa, ili kesho aseme mwenyewe asifiche.

Sasa kuzima mashine. Majeraha mabaya sana hutokea wakati msumeno haukati kitu: mtu anaondoa kipande kilichokwama, anasafisha unga, anabadilisha msumeno. Hatua ni hizi, na zifuatwe kwa mpangilio huu. Zima injini. Subiri msumeno usimame wenyewe. Usiusimamishe kwa kipande cha ubao. Kama ni umeme, shusha swichi kuu, piga kufuli, ufunguo uingie mfukoni mwa yule atakayeshika msumeno, si mfukoni mwa bosi, si ukutani. Kama ni injini ya dizeli ya kupiga hendeli, vua mkanda kwenye puli na uuweke chini mbele yako. Kama ni trekta, ng'oa ufunguo na utenganishe shafti. Kisha ingiza kabari ya mbao kwenye meno. Sasa peleka mkono. Ukimaliza, ita kwa sauti, hesabu watu wako, uone kila mmoja yuko wapi, ndipo urudishe mkanda. Dakika nne au tano. Fundi anayelipwa kwa ubao atasema dakika tano ni mbao kadhaa. Ni kweli, na hapo mwenye mashine ndiye anayetakiwa kusema: hizo nalipa mimi. Ukimlipa mtu kwa kipande tu, umemlipa aharakishe. Usije ukashangaa ameharakisha.

Vijana wa chenso, kwenu nitakuwa mfupi, ingawa ninyi ndio wale wa 100.7. Mti wa kipenyo cha sentimita 40: mdomo wa mbele uingie sentimita 8 hadi 10, upande unaotaka uangukie. Mkato wa nyuma uwe sentimita 2 hadi 5 juu ya sakafu ya mdomo. Na usikate mpaka mwisho! Bakiza bawaba ya sentimita 4, sehemu moja ya kumi ya kipenyo, upana wote. Bawaba ndiyo inayoongoza mti kama mlango. Ukiimaliza, mti unajichagulia pa kwenda. Kabla ya kugusa cheni, safisha njia ya kukimbilia, nyuma yako kwa pembeni, na mti ukianza kwenda ondoka angalau mita 5 kutoka kwenye kisiki, usisimame kuutazama. Mti wa mita 25, mtu mwingine yeyote awe mita 50. Mti ukining'inia kwenye mwenzake, msipite chini yake, msikate ule ulioushikilia. Wekeni alama, zuieni watu, leteni trekta na waya.

Madereva na matingo: mtu hapandi juu ya mbao. Ukifunga breki kwenye mteremko wa Kitonga, mbao zinaendelea na safari, na aliyekaa mbele yake anakuwa kati ya mbao na chuma.

Nirudi kwenye ule mstari wa daftari, wa mambo yaliyotaka kuumiza yakakosa.

Bangladesh, karibu na Dhaka, kulikuwa na jengo la ghorofa nane liitwalo Rana Plaza, lenye viwanda vya nguo. Tarehe 23 Aprili 2013 nyufa kubwa zilionekana ukutani na kwenye nguzo. Watu wakatolewa. Benki na maduka ya chini wakafunga, wakakaa nyumbani. Wafanyakazi wa viwanda vya nguo waliambiwa kesho yake warudi kazini. Wengi waliogopa, walisimama nje wakinung'unika, lakini mshahara ulikuwa mkononi mwa anayewaita. Wakaingia. Asubuhi ya tarehe 24 jengo likaporomoka. Walikufa watu zaidi ya 1,100.

Sisi Waswahili tuna methali, mtoto wa darasa la tatu anaijua: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Wale waliuona ufa. Kilichokosekana hapo ni mtu mwenye ruhusa ya kusema leo hatuingii, akasikilizwa, na asifukuzwe.

Kwako wewe ufa ni upi? Ni msumeno unaotoa sauti ya kulia siku tatu sasa. Ni mkanda ulioshonwa mara ya nne. Ni kijana wa jana aliyekoswa na ubao, mkacheka, mkaendelea. Mwambieni kila mtu, hata kibarua aliyeanza leo, kwamba akiona hivyo anainua mkono na mashine inazimwa, na siku yake inalipwa. Kibarua wa siku ya kwanza ndiye anayeona vizuri kuliko wote, maana sisi tumeshazoea. Lakini ndiye anayeogopa kusema kuliko wote.

Na ikitokea mtu ameumia licha ya yote? Bana jeraha kwa kitambaa safi, kwa nguvu, dakika 10 bila kufunua kuchungulia. Inua mkono juu ya moyo. Usiweke petroli, usiweke majivu, usiweke kahawa. Kidole kilichokatika kifungwe kwenye kitambaa safi kilicholowanishwa, kiingie kwenye mfuko wa nailoni uliofungwa, na mfuko huo ndio ukae juu ya barafu. Kisiguse barafu yenyewe, inakiua. Kiende hospitali pamoja na mwenyewe.

Kisha karatasi. Mwenye mashine, sheria ya fidia ilitungwa mwaka 2008, na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ulianza kazi mwaka 2015. Mchango ni wa mwajiri, mfanyakazi hakatwi kitu. Taarifa ya ajali ipelekwe kwenye Mfuko ndani ya siku 7, na madai yasizidi miezi 12. Kibarua naye mwandikishe, jina lake na siku zake, kabla hajaumia. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Namba 5 ya mwaka 2003, nayo inataka sehemu ya kazi isajiliwe OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya kazini, na ikaguliwe. Mkaguzi akija, msifunge geti. Muoneshe msumeno wako, muulize swali.

Nimewachosha na maneno. Pale nje kuna dingdong, imezimwa na mkanda umeshavuliwa. Nimehakikisha mwenyewe kabla ya kuingia humu. Kuna ubapa wa chuma, kuna futi, kuna rangi nyekundu ya kuchorea mstari. Naomba mafundi wanne waje mbele kupima zile milimita 8, na vibarua wasimame karibu waone, kwa sababu wao ndio watakaotuambia siku milimita hizo zikizidi. Daftari liko mlangoni. Kila mwenye mashine aandike jina la mashine, idadi ya watu na saa za kazi za mwezi uliopita, halafu tutoke wote.